Mpishi wa Kaloleni Aliyeshindwa Kumeza

Jua limepanda juu ya ukuta wa uwanja wa mpira na sufuria zimeshaepuliwa, lakini hakuna aliyepakuliwa bado. Kwenye mabenchi ya mbao chini ya paa la bati, hapa Kaloleni, katikati ya Jiji la Arusha, wateja wanaongea mpira na bei ya saruji. Mbele yao, mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge cha njano amekaa kwenye kigoda, sahani ya makande mapajani. Anakula.

Anakula taratibu. Anatafuna sana, anameza, anakunywa funda la maji, ananyoosha mgongo, kisha anachota tena. Hana haraka na hakuna anayemharakisha.

Kijana mmoja, mgeni wa mahali hapa, ameshainuka na sahani mkononi.

"Kaa kwanza," anamwambia Koikai, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana ng'ambo ya barabara. "Hapa mpishi ndiye anayeanza."

"Kwa nini?"

"Subiri amalize, umuulize mwenyewe."

Mwanamke huyo anaitwa Nice Mbise. Kaloleni wanamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Philemoni. Ana miaka arobaini na sita, na kwa muda mrefu sasa amewalisha mafundi, wapiga debe na wenye maduka wa mtaa huu. Miaka minne kati ya hiyo aliwalisha watu chakula ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukimeza.

Alizaliwa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, katika nyumba iliyozungukwa na kahawa na migomba. Mama yake, Bibi Maria, bado anaishi huko na bado anachuma kahawa kwa mikono yake.

"Mama alinifundisha kupika mtori kabla sijajua kuandika jina langu," anasema Mama Philemoni. "Alikuwa anasema ndizi haina ujanja, ukiipa moto wa kutosha inakutii."

Aliolewa na Sadoki, seremala, wakapanga chumba kimoja Kaloleni. Alianza na chai na mihogo ya kuchemsha, akaongeza maharage, kisha wali, kisha makande. Wateja wakazoea mkono wake. Akamwajiri Pudensiana, mwanamke wa makamo kutoka Rombo, amsaidie kuosha na kupakua.

Tatizo lilianza Jumapili moja huko Akheri. Familia ilikuwa imetoka ibadani na kaka yake alikuwa amechinja mbuzi.

"Kipande cha nyama kilisimama hapa," anasema, akiweka kidole katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa matiti. "Nikanywa maji yakisukume. Maji nayo yakasimama juu yake. Nikatoka nje, vyote vikarudi."

Bibi Maria alimcheka. "Umekula kama mtu anayefukuzwa," alimwambia.

Naye aliamini hivyo. Lakini wiki zilizofuata ugali nao ukakwama, kisha wali. Mwishowe hata chai ilikuwa inasimama kifuani kabla ya kuamua kushuka au kurudi. Akilala, chakula cha mchana kilipanda mdomoni. Alikohoa usingizini mpaka Sadoki akawa anampangia mito alale nusu ameketi.

"Maharage yalirudi mazima, hayana hata uchachu," anasema. "Mimi ni mpishi. Najua harufu ya chakula kilichofika tumboni. Haya yalikuwa hayajafika."

Kwenye duka la dawa aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Alinunua vidonge, akaacha pilipili, akaacha ndimu, akaacha maharage.

"Nilimeza zile dawa mpaka muuzaji akiniona kwa mbali anaanza kuzitoa kabatini," anasema na kutabasamu. "Tatizo hata kidonge chenyewe kilikuwa kinakwama."

Kisha jirani akasema ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kimerefuka, alisema, kinaziba njia. Dawa yake ni kukikata. Mama Philemoni akapelekwa kwa mzee mmoja nje ya mji anayefanya kazi hiyo.

"Alinikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniambia nifumbe macho. Nilirudi nyumbani na damu kwenye kanga. Sauti ilipotea, nikawa siwezi hata kumwita mteja. Kidonda kilipopona, nikajaribu uji. Ukakwama palepale."

Kimio hakikuwa na kosa. Kipo juu, mwanzoni mwa koo, na chakula cha Mama Philemoni kilikuwa kinakwama mbali kabisa, huku chini kifuani. Lakini wakati huo hakuna aliyemweleza hivyo, naye hakujua pa kuuliza.

Alikonda. Magauni aliyashonea upya, yakapwaya tena. Watu walishusha sauti alipopita, na alijua wanafikiria ugonjwa gani.

"Nilikwenda kupima, nikakutwa sina," anasema. "Lakini huwezi kutembea mtaani na majibu mkononi."

Aliendelea kupika. Chumvi aliionja kwa kudondosha mchuzi kwenye kiganja na kuulamba. Wateja walipokula, alijipa kazi ya kuchochea moto au kupanga vyombo, ili mtu asimuulize mbona hali. Chakula chake mwenyewe alikula nyumbani, amejificha nyuma ya pazia, ndoo ikiwa karibu.

"Nilikuwa na njaa muda wote. Unasimama juu ya sufuria ya wali, mvuke unakupiga usoni, mate yanajaa mdomoni, na hayo mate yenyewe unaogopa kuyameza. Mateso hayo sijui nimwambie nani ayaelewe."

Siri hiyo ilifichuliwa na utani. Dalali mmoja wa nyumba, mteja wa kila siku, aliweka kijiko chini akasema kwa sauti, "Mama Philemoni, hivi mbona sijawahi kukuona unakula chakula chako?"

Watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kila mmoja aligundua kwamba naye hajawahi kumwona.

Yaliyofuata yanaweza kueleweka na yeyote anayeijua biashara ya chakula. Kuna imani ya zamani kwamba baadhi ya wapishi hutia dawa ya mvuto kwenye sufuria ili wateja wasihame, na kwamba mwenye dawa haruhusiwi kukila chakula hicho. Hapakuwa na aliyemtuhumu ana kwa ana. Walipungua tu. Kwanza wapiga debe, kisha mafundi viatu, kisha wenye maduka ambao walianza kusema wamebeba chakula kutoka nyumbani.

"Tulikuwa tunarudi na sufuria nzito kama tulivyoondoka," anakumbuka Pudensiana. "Mimi nilikuwa nimeshajua dada hamezi. Nilimwambia awaeleze watu. Akasema, nikiwaambia ni mgonjwa, nani atakula chakula cha mgonjwa?"

Hapo Mama Philemoni akafanya uamuzi ambao hata leo hausimulii bila kusita. Aliamua kula mbele yao.

Alichagua siku ambayo benchi moja lilikuwa bado na watu. Alijipakulia wali na mchuzi, akauponda wali kwa mwiko mpaka ukawa laini. Pudensiana alimshika mkono, akamwambia, "Dada, usijilazimishe." Mama Philemoni akautoa mkono wake, akaenda kukaa katikati ya wateja.

Kijiko cha kwanza kilishuka. Cha pili kikachelewa, kikashuka. Watu walikuwa wakimwangalia. Baada ya vijiko vichache zaidi alihisi kifua kinajaa. Akanywa maji. Maji yakakataa. Akajaribu kuinuka, hakuwahi, vyote vikarudi pale pale kwenye benchi, mbele ya watu na sahani zao.

Benchi likabaki tupu. Mmoja wa waliokuwa wakiondoka alisikika akisema, "Mmeona? Kimemkataa."

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Mama Philemoni. "Nilikaa nimefunika uso. Nilipoinua kichwa nikaona mtu mmoja hajaondoka. Ameshika ndoo ya maji na fagio, anasafisha."

Alikuwa Koikai.

Fundi huyo ni Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, ambako ukoo wake unafuga na kulima. Si mtu wa maneno mengi. Anakumbuka alichomwambia siku ile.

"Nilimuuliza, inakwama hapa kifuani? Akasema ndiyo. Na maji pia? Akasema na maji. Nikamwambia, mama, huu sio uchawi. Baba yangu alianza hivihivi. Sisi tukasema karogwa, tukazunguka kwa waganga. Tulipofika hospitali, daktari akatuuliza mlikuwa wapi siku zote. Ilikuwa saratani ya umio, imeshaenda mbali."

Umio ni mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mama Philemoni anakiri kwamba mpaka siku ile hakuwa amewahi kulisikia neno hilo.

"Mimi nilisikia neno saratani tu," anasema. "Akaniambia, sikwambii una ugonjwa wa baba. Nakwambia usikae kama tulivyokaa sisi."

Jioni ile alimweleza Sadoki yote. Mume alikuwa anajua kuhusu mito na kikohozi, lakini hakujua mkewe amekuwa akiishi kwa vijiko vichache vya uji. Kesho yake Sadoki alifunga karakana yake ya useremala. Wakaanzia hospitali ya hapa mjini, ambako waliandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa ya kanda.

Huko walipitisha mrija mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni mpaka tumboni. Sadoki alikaa nje, kofia mkononi. Walipoitwa ndani, daktari aliyewapokea, Joyce Urio, aliwaambia jambo la kwanza kabla hawajakaa: hakuona saratani.

"Sadoki alilia," anasema Mama Philemoni. "Mimi sikulia. Mimi nilitaka kujua, sasa ni nini?"

Jibu lilipatikana kwenye picha. Alinyweshwa dawa nyeupe, nzito kama chokaa ya ukutani, huku akipigwa picha za eksirei. Dawa ile ilijaa ndani ya umio uliotanuka kama mfuko, kisha chini kabisa, pale unapoingia tumboni, ikachongoka ikawa nyembamba kama mdomo wa ndege.

Kwa ridhaa ya mgonjwa wake, Dk. Joyce amekubali kulieleza gazeti hili tatizo hilo.

"Umio sio bomba la kawaida. Ni msuli. Unakisukuma chakula hatua kwa hatua, na kule chini kuna mlango unaofunguka kukipokea, kisha unajifunga kisirudi. Kwa Mama Philemoni, neva zinazoamrisha kazi hiyo zilikuwa zimekufa. Umio hausukumi na mlango haufunguki. Chakula kinakaa pale kinasubiri."

Anasema ugonjwa huo si wa kawaida sana, na chanzo chake mara nyingi hakijulikani. Anaowaona zaidi ni watu wenye kiungulia cha muda mrefu, pale mlango huohuo unapolegea na asidi ya tumbo kuupanda na kuuchoma umio. Wapo waliomeza magadi makali ya kutengenezea sabuni au maji ya betri kwa bahati mbaya, hasa watoto, wakabaki na makovu yanayobana njia. Na wapo wengi, katika ukanda huu wa kaskazini, wenye saratani.

"Wote hao wanaweza kuja na maneno yaleyale: daktari, chakula kinakwama," anasema. "Kwa hiyo hatubahatishi. Mtu akianza kusukuma matonge kwa maji, akapungua mwili bila sababu, au maumivu ya kumeza hayamwachi, aje aangaliwe. Asisubiri mpaka ashindwe hata uji."

Mama Philemoni alihitaji upasuaji wa kuukata msuli wa mlango ule ili uache kubana. Lakini alikuwa dhaifu mno kuvumilia kisu. Kwanza madaktari waliutanua kwa puto maalumu lililoshushwa kwa ule mrija wa kamera. Dk. Joyce alimweleza kuwa nafuu yake inaweza isidumu, akamtaka arudi nyumbani, ale vyakula laini na vya maji, apate nguvu.

Alikwenda Akheri, kwa mama yake.

Bibi Maria, ambaye siku ile ya mbuzi alimcheka, sasa hakutoka jikoni. Mzee huyo anasimulia akiwa ameshika kikombe chake cha kahawa barazani.

"Nilikuwa namwangalia mwanangu kila tonge, nikiona koo lake linavyopanda na kushuka, na mimi nameza pamoja naye. Alikuwa amekauka kama kuni. Nikamwambia Mungu, mimi nimeshakula vya kutosha, huyu ndiye wa kula."

Walipika pamoja. Mtori ulipondwa, ukachujwa kwa chujio la chai, ukaongezwa maziwa na siagi. Parachichi lilisagwa na maziwa. Nyama ilichemshwa mpaka ikaachana nyuzinyuzi, ikasagwa na viazi. Mama Philemoni alikaa kwenye kigoda akisema hiki kizito, hiki chepesi, hiki kimeshuka vizuri, kile hapana. Ndugu zake wakachanga, usharika ukachanga, kaka yake akauza ndama, na hesabu ya hospitali ikatimia.

Huku Kaloleni, Pudensiana hakufunga. Alibandika sufuria moja ndogo kila siku. Kuna siku mteja alikuwa Koikai peke yake.

"Alikuwa anakula sahani mbili," anasema Pudensiana. "Nilijua hana njaa ya sahani mbili."

Upasuaji ulifanyika mwishoni mwa msimu wa kahawa. Alipozinduka na madaktari wakaridhika kuwa kila kitu kiko salama, muuguzi alimletea maji kidogo kwenye kikombe. Sadoki alikuwa pembeni, akimwambia habari za watoto.

"Nikamwambia, baba Philemoni, nyamaza kidogo. Nikameza. Nikayasikia maji yanashuka, ya baridi, yanapita pale, yanaendelea kwenda. Sikuamini. Nikameza tena. Nikamwambia, yameingia."

Sadoki, mtu mpole anayependa kujibu maswali huku akipiga randa, anaiacha kazi anapofika hapo. "Niliomba kikombe kingine," anasema. "Muuguzi akasema taratibu, baba. Lakini na yeye alikuwa anafuta macho."

Mama Philemoni aliporudi Kaloleni, miezi michache baadaye, hakuita mkutano wala hakutoa maelezo. Alipika wali na maharage, akajipakulia, akakaa mbele ya mabenchi ambayo yalikuwa karibu matupu, akala mpaka akamaliza. Koikai aliketi akimtazama, mikono ikiwa imepakaa masizi. Siku iliyofuata akafanya hivyo tena, na hadi leo hapakui kabla hajala yeye. Wapita njia wakaanza kupunguza mwendo.

Yule dalali naye alikuja. Alisimama kidogo barabarani, kisha akaingia, akakaa ukingoni mwa benchi.

"Nilimpakulia kama wengine," anasema Mama Philemoni. "Nikamwongezea maharage. Ninyi mnataka nimchukie? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui ninaumwa nini. Yeye angejuaje?"

Mabenchi yamejaa tena, na moja limeongezwa. Hajapona kama mtu ambaye hakuwahi kuumwa. Umio wake haujarudi kusukuma, kwa hiyo anakula ameketi wima, anatafuna sana na kusindikiza kwa maji. Halali mpaka chakula kishuke, na kitanda chake kimeinuliwa upande wa kichwani kwa vipande vya mbao alivyokata Sadoki. Wakati mwingine kiungulia humsumbua, anameza dawa. Anarudi kwa Dk. Joyce kuangaliwa.

Lakini kilichomfanya ajulikane nje ya Kaloleni ni sufuria ndogo anayoibandika pembeni ya nyingine. Ilianza kwa sababu ya Koikai.

Mwaka uliofuata, baba mdogo wa Koikai, Mzee Lesian wa kata ya Sokon I, alianza kukwamwa na chakula. Safari hii familia haikuzunguka. Walimpeleka hospitali mapema kuliko walivyompeleka marehemu kaka yake. Hata hivyo ugonjwa ulikuwa uleule, na ulikuwa umeshasambaa. Madaktari walimwekea bomba dogo la wavu ndani ya umio, lishikilie njia iwe wazi ili aweze kula kwa muda aliobakiwa nao.

Mzee hakutaka uji wala mtori. Alitaka loshoro, chakula cha kwao cha mahindi na maziwa ya mgando. Binti yake, Silantoi, aliogopa punje zitaziba bomba.

Koikai alikuja kwa Mama Philemoni kabla ya kufungua karakana.

"Nilimwambia, baba yangu alikufa akiomba loshoro," anasimulia, na sauti yake inashuka. "Tulimnyima. Tuliogopa itamkaba. Alikuwa anaomba kama mtoto, na maziwa yapo, mahindi yapo, sisi tupo. Huyu wa pili naye nitamwambia nini?"

Mama Philemoni hakuahidi. Alimpigia simu Dk. Joyce kuuliza kinachoruhusiwa. Akaambiwa kiwe laini kabisa, kisiwe na punje wala nyuzi, mzee ale ameketi, kidogokidogo, na asindikize kwa kinywaji.

Alichemsha mahindi yaliyokobolewa kwa moto mdogo tangu asubuhi. Akayasaga, akayachuja, yaliyobaki kwenye chujio akayarudisha jikoni, akayasaga na kuyachuja tena. Alipochanganya na maziwa ya mgando ikawa laini kama mtindi, lakini harufu na ladha zilikuwa za loshoro. Alikula bakuli zima yeye kwanza, akasikiliza kifua chake. Kisha akafunga chombo kwa kanga na kwenda na Koikai Sokon I.

"Takwenya," mzee alimsalimia kwa Kimaa, akiwa ameegemezwa kitandani.

"Iko," aliitikia Mama Philemoni, kisha akaongeza kwa Kiswahili, "Shikamoo, mzee. Nimekuletea chakula chako."

Silantoi anasema baba yake alinusa kwanza, muda mrefu. Kisha akala. Kijiko, maji, kijiko, maji. Alipomaliza akamtazama mwana wa marehemu kaka yake na kusema, "Koikai, huyu mama ni wa kabila gani?"

"Ni Mmeru, baba."

"Nani kamfundisha loshoro?"

Lakini Koikai alikuwa ameshatoka nje.

Kuanzia hapo chombo kilikwenda Sokon I kila siku, mpaka Silantoi alipojifunza kupika mwenyewe. Mzee Lesian alifariki wakati wa mvua za masika. Mama Philemoni alikwenda kwenye mazishi na kukaa nyuma pamoja na wanawake wa jikoni. Mwongozaji wa mazishi alipowapa wanafamilia nafasi ya kusema neno, Silantoi alisimama.

"Alisema sentensi moja tu," anasema Mama Philemoni. "Alisema, baba yetu ameondoka akiwa ameshiba. Akakaa."

Habari hiyo ilitembea kuliko tangazo lolote. Sasa huja binti anayemuuguza mama yake, huja mume, huja mgonjwa mwenyewe kajifunika kitambaa mdomoni. Wengine hununua bakuli, wengine huuliza tu namna ya kupika, naye huwaonyesha bila kuwatoza chochote. Lakini ana sharti moja. Asiyewahi kuonwa na daktari hapewi bakuli la pili kabla ya kwenda hospitali.

"Mimi ni mpishi, sio tabibu," anasema. "Chakula laini kinaweza kumficha mtu ugonjwa wake, akaona nafuu, akakaa. Sitaki kuwa sababu ya mtu kuchelewa. Nilichelewa mimi, akachelewa baba yake Koikai. Inatosha."

Dk. Joyce anasema amepokea wagonjwa kadhaa waliotumwa na mpishi huyo, na mmoja wao, mama wa makamo kutoka bondeni, alikutwa na saratani ikiwa bado ndogo. Amefanyiwa upasuaji na anaendelea na matibabu.

Sasa Mama Philemoni ana mpango mwingine. Kaka yake wa Akheri amempa kipande cha ardhi kando ya barabara, mbele ya shamba la migomba. Sadoki ameshapima, na amechonga fremu za madirisha mawili. Itakuwa ni jiko moja kubwa lenye meza ndefu, ambako ndugu wanaouguza watu wasioweza kumeza watakuja kujifunza: Bibi Maria atafundisha mtori, Silantoi ameahidi kupanda mlima siku za Jumamosi kufundisha loshoro, na Dk. Joyce amekubali kufika mara mojamoja kujibu maswali. Kaloleni itabaki mikononi mwa Pudensiana kwa siku hizo.

Ukimuuliza anatarajia nini kutokana na jiko hilo, Mama Philemoni hazungumzii faida. Anatazama upande wa mlima, ambao mchana huu umefunikwa na mawingu.

"Kuna ugonjwa unaotibika na kuna usiotibika, hayo nawaachia wenye kazi yao," anasema. "Mimi nataka kitu kimoja. Mtu asikae na njaa ndani ya nyumba yenye chakula."